Dashibodi Kuukuu na Hukumu ya Haraka

Imekuwa itikadi iliyoenea miongoni mwa wenye pikapu za zamani katika vilima vya Kisii na Nyamira, na hapa Ikonge imeshika kwa nguvu makhususi, ya kwamba dashibodi ikishapasuka imekwisha amali yake, na ya kwamba mtu mwenye staha hana budi kuing'oa na kutafuta nyingine. Rai hii hutamkwa na fundi wa gereji, huitikiwa na mwenye gari, na hukaririwa na abiria aketiye upande wa pili akingoja mikungu ya ndizi ipakiwe. Wala katika muda wote ambao nimeisikia ikipita kutoka mdomo hadi mdomo kando ya barabara iendayo Chebilat na Chabera, sijamsikia hata mtu mmoja akiidai ithibati. Mimi naiona kuwa ni rai batili. Naipinga si kwa sababu ya mapenzi ya vitu vikuukuu tu, ingawa mapenzi hayo ninayo na siyafichi, bali kwa sababu kila nionapo dashibodi nzima imetupwa nyuma ya gereji, mvua yainyeshea, kwa taksiri ya nyufa mbili tatu ambazo fundi hodari angeziziba, naona mali imepotezwa bila haja na ilimu ya mikono ya watu wetu imedharauliwa.

Nitasema hasa juu ya pikapu ya Peugeot 504, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi wetu tuliilelea watoto. Gari la 504 lilitoka Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwaka 1979; hapa kwetu likaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na kuundwa kwake nchini hakukukoma hata mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuunda gari dogo la jina hilo kwao. Mashindano ya Safari yalilitukuza, maana lilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, na mkulima aliyesikia habari hizo redioni hakuhitaji mwuzaji wa kumsadikisha. Malori ya Bedford yaliyolitangulia yalikuwa na dashibodi za bati lililopakwa rangi, nazo zilishika kutu lakini hazikupasuka. Ufa uliingia nchini pamoja na ulaini, yaani siku ile bati lilipofunikwa sponji na ngozi ya plastiki ili jicho lipendezwe na goti lisiumie.

Atakaye kuhukumu ufa kwa insafu sharti kwanza ajue asili yake, na hapa ndipo wengi wanapokosa. Ngozi ya dashibodi ni plastiki ya vinili, na vinili kwa tabia yake ni kitu kigumu kama bomba la maji. Kilichoifanya iwe laini ni mafuta maalumu yaliyochanganywa nayo kiwandani, nayo mafuta hayo hayakufungwa humo kwa pingu. Gari likiachwa juani huku madirisha yamefungwa, uso wa dashibodi waweza kupita nyuzi 70 za joto, na mafuta hayo huhama kidogo kidogo, yakageuka mvuke, yakatanda juu ya kioo cha mbele kwa ndani. Ule utando wa mafuta ambao dereva huufuta kwa kitambaa asubuhi, akidhani ni pumzi za abiria au vumbi la njia, aghalabu ni uhai wa dashibodi yake ukimponyoka. Ngozi iliyopotewa na mafuta hunywea, na ikinywea hujivuta. Na kwa kuwa imeshikwa na skrubu, na pembe za saa za mwendo, na matundu ya kupitishia hewa, hupasuka papo hapo iliposhikwa. Ndiyo sababu nyufa za magari yote zafanana, na ndiyo sababu si haki kumlaumu dereva kwa kuweka kikombe cha chai juu yake.

Watu wa pwani hudhani kwamba sisi wa milimani tumeepukana na balaa hili kwa kuwa hewa yetu ni ya baridi. Sivyo. Nyanda za Nyamira kwa sehemu kubwa zimepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nazo zi chini kidogo tu ya mstari wa ikweta; na miale mikali ya jua huzidi kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu apandapo. Hewa ni baridi, jua ni kali, na gari lililolala katika umande wa usiku huamka likaokwa adhuhuri kabla mvua ya alasiri haijalipoza ghafula. Kupanuka na kunywea huko, siku baada ya siku kwa miaka 30, hakuhitaji mkono wa mtu mzembe ili kupasua plastiki.

Sasa na tuitazame hoja ya kwanza ya wapinzani wangu, isemayo kuwa zipo nyingine, kwa nini kuhangaika na iliyoharibika? Nawauliza: zipo wapi? Gari la 504 liliundwa Nigeria, katika kiwanda cha Kaduna kilichoanza mwaka 1975, liliundwa Ajentina, pikapu yake iliundwa hata China, katika mji wa Guangzhou. Mtu akiyasikia majina hayo hujiona tajiri wa vipuri. Lakini Nigeria iliacha kuendesha upande wa kushoto wa njia mwaka 1972, Ajentina iliacha tangu 1945, na Wachina, kama Wafaransa, huendesha upande wa kulia. Kwa hiyo dashibodi za huko kote zina nafasi ya usukani mahali ambapo kwetu ni kisanduku cha barakoa na risiti. Pistoni ya Kaduna itaingia katika injini ya Ikonge pasipo malalamiko, na taa itaingia, na breki kadhalika, dashibodi haiingii. Ni mojawapo ya vitu vichache katika gari zima ambavyo mipaka ya dunia imevigawa pande mbili, na upande wetu ndio ulio mchache.

Wala dashibodi mpya haitakuja ndani ya gari jingine. Kwa kanuni ya KS 1515 gari kuukuu liingialo Kenya lisiwe limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Nazo pikapu tunazozinena hazijaundwa tena nchini tangu 2004. Basi ile iitwayo nyingine, mwenye gari anayoletewa na dalali ikiwa imefungwa gunia, imetoka katika pikapu ndugu, iliyounganishwa katika kiwanda kile kile, ikaota jua lile lile la Kenya kwa miaka ile ile. Yamkini haijapasuka bado. Lakini mafuta yake yamekwisha kama yalivyokwisha ya kwanza, nayo ikikunjwa na kusukumwa ili iingie mahali pake, na ikikazwa skrubu na mkono wa kijana mwenye pupa, hupasuka hata kabla gari halijawashwa. Mwenye gari amelipa ili kubadilisha nyufa anazozijua kwa nyufa asizozijua, na hapo hapo gari jingine, ambalo pengine lingeweza kufufuliwa, limevuliwa uso wake likaachwa wazi. Hiyo yaitwa na wengine akili ya biashara; mimi sioni biashara ambamo mali ya watu wawili huharibika ili mmoja aonekane nadhifu kwa mwaka mmoja.

Nakiri kwamba kwa Toyota Hilux na kwa Isuzu mambo yana tafauti kidogo, kwa kuwa Wajapani huendesha upande wetu na vipande vya magari yao yaliyokatwa hufika Mombasa kwa makontena. Ila hata huko, kipande kilichokatwa ni cha gari jipya zaidi, chenye matundu mengine na plagi nyingine, na fundi hulazimika kukata na kuunga hata mwisho wake gari lisiwe la mwaka wowote.

Kuna na kundi la pili, ambalo husema tusing'oe bali tufunike: tutwae gamba la plastiki ngumu au la faiba, tulibandike kwa gundi juu ya dashibodi iliyopasuka, na nyufa zisionekane tena. Desturi hii imetoka Marekani, ambako viwanda hufinyanga magamba na hata dashibodi kamili kwa ajili ya malori ya zamani ya Ford na Chevrolet, kwa maelfu, na kila gamba hukaa sawasawa juu ya umbo lililokusudiwa. Sisi hatuna kiwanda cha namna hiyo kwa pikapu zetu. Gamba letu hufinyangwa kwa kukisia. Fauka ya hayo, gamba haliponyi kitu. Chini yake ngozi huendelea kunywea na sponji huendelea kuwa unga, na siku itakapohitajika kulitoa, gundi huja na ngozi yote iliyosalia, ikimnyima fundi hata ile kingo ambayo angeanzia kazi yake. Mwenye kuziba kwa gamba amemfungia mlango atakayekuja baadaye na ujuzi zaidi.

Jambo ambalo halitajwi kamwe katika mabishano haya, nalo kwangu ni zito kupita yote, ni yale yaliyo nyuma ya dashibodi. Kuing'oa ni lazima utoe usukani, utoe saa zote za mwendo na za joto, ufungue kebo za mapazia ya hewa, uchomoe plagi za taa, za wipa na za honi. Nyaya za gari la miaka 30 zimevikwa plastiki ya ukoo ule ule uliopasuka juu; zikiachwa zilivyolala hudumu, zikikunjwa huvunjika ngozi zikabaki uchi. Hapo ndipo huzaliwa ile adha ambayo kila dereva wa hapa aifahamu, ya taa zinazozimika mtu akipiga honi, na ya moshi mwembamba utokao chini ya usukani usiku katika mteremko. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa pikapu kutoka gereji fulani ikiwa na dashibodi ya kupendeza na saa ya joto la maji isiyosema kweli. Na injini isiyopewa saa ya kweli huungua huku mwenyewe akitabasamu. Ufa haujapata kuunguza injini ya mtu.

Hata hivyo wapinzani wana hujja moja yenye uzito, nayo siwezi kuipita kimya. Husema: tumejaribu kutengeneza, ikapasuka tena. Ni kweli, imepasuka tena, maana aliyetengeneza alitumia puti ile ya kunyooshea mabodi yaliyobonyea. Puti hiyo ikikauka ni ngumu kama kigae, na kitu kigumu hakiwezi kuishi katikati ya kitu kinachopanuka adhuhuri na kunywea usiku. Hutoka vipande kabla ya msimu kugeuka. Kosa hilo ni la dawa, halikuwa la tiba. Hukumu iliyotolewa juu ya ukarabati wote kwa sababu ya puti ni hukumu isiyo na mashahidi.

Ukarabati wa haki huanza kwa kusafisha, na kusafisha kwenyewe si jambo dogo, kwa sababu yale mafuta ya kung'arisha ambayo vijana wa kuosha magari huyapaka kwa ukarimu yana silikoni, nayo silikoni haiirudishii plastiki kitu ilichopoteza, bali huzuia gundi na rangi zisishike. Huoshwa kwa sabuni, kisha kwa spiriti, tena na tena, hata kitambaa kitoke cheupe. Mwisho wa kila ufa hutobolewa tundu dogo, la milimita 2 au 3, ili ufa usipate njia ya kuendelea. Kingo zake zilizokunjamana huelekea juu kama midomo. Hupashwa moto kwa taratibu, zikilainika hushinikizwa chini, na zikikataa hukatwa kwa wembe kwa mshazari hata pawe na bonde la kupokea kiziba. Sponji iliyopukutika hutolewa yote, ikatiwa mpya ya aina ile ile, na chini ya ufa mpana hulazwa kitambaa chembamba kilicholowa gundi ili pande mbili zishikane kwa ndani. Kisha huja kiziba, nacho kiwe cha namna inyumbukayo. Gundi nyeusi ya poliurethani ambayo mafundi wa vioo hubandikia vioo vya mbele yafaa sana, na yapatikana Kisii mjini kwa kila mwenye kazi hiyo. Hujazwa kwa tabaka, kila tabaka ikangojewa ikauke. Msasa hufuata, wa maji, kutoka mkali hadi mlaini. Mwisho ni rangi ya vinili, nayo iwe isiyong'aa, kwa sababu dashibodi ing'aayo hujitazama katika kioo cha mbele na kumfanya dereva aone vivuli mahali pasipo watu.

Anayeona kazi hiyo ni ya ajabu na aende Tabaka, akawatazame wachongaji wa mawe ya Kisii. Jiwe lililopata ufa halitupwi hima. Mchongaji mwenye subira huchukua unga wa jiwe lenyewe, akauchanganya na gundi, akaziba, akapiga msasa, na jicho likatafuta mahali pa ufa lisipaone. Watu waliozaliwa karibu na mikono ya namna hiyo hawana sababu ya kuamini kwamba plastiki imewashinda.

Na kama nyufa zimekuwa nyingi hata uso umegawanyika, fundi wa kushona viti yupo. Huyu hutwaa reksini laini, akaitandaza juu ya dashibodi iliyokwisha kuzibwa, akaivuta kwa joto na gundi, akashona mahali pa pembe. Naona njia hii kuwa aula kuliko gamba, maana reksini yaweza kubanduliwa siku yoyote na iliyo chini ikasalimika. Wako wasemao kwamba reksini si ya asili. Si ya asili, lakini haidai kuwa ya asili, na dashibodi iliyo chini yake ndiyo ile iliyofungwa Mombasa.

Nimesikia pia hoja ya usalama ikitolewa kwa sauti kubwa, kwamba dashibodi iliyopasuka itamwumiza mtu katika ajali. Historia ya sponji hizo yajulikana: baada ya kitabu cha Ralph Nader cha mwaka 1965 kuwashutumu waundaji wa magari wa Marekani, nchi hiyo iliweka kanuni, zikaanza kazi Januari 1968, za kulazimisha sehemu za ndani ya magari zipunguze nguvu ya kichwa kinachogonga. Lakini kinachopunguza nguvu ni sponji na bati lililo chini yake, wala si ngozi. Dashibodi iliyotiwa sponji mpya chini ya ufa ina ulinzi wake, ilhali ile ya dalali, yenye uso mzima na sponji iliyogeuka unga ndani, haina. Na iliyovikwa gamba gumu la faiba imerudi kuwa bati la Bedford. Kanuni za mwaka 2003, ambazo wananchi huziita kwa jina la waziri John Michuki, zilipotaka kuokoa roho za abiria zilidai mikanda ya viti na vidhibiti mwendo. Ninayo haki ya kumwuliza mwenye pikapu ambaye mkanda wake umekatika tangu miaka mingi, kwa nini hofu ya ajali imemfika kwanza kwenye rangi ya plastiki.

Hoja ya heshima, ambayo nahisi ndiyo mama wa zote, haihitaji maneno mengi. Wale waliojaliwa kupenda magari ya zamani duniani kote, na wenye fedha za kununua kila walitakalo, wamekwisha kukata shauri: jumuiya yao ya kimataifa, FIVA, ilipitisha Mkataba wa Torino mwaka 2012, na moyo wa mkataba huo ni kwamba kilichomo ndani ya gari tangu asili kihifadhiwe kwanza, kirekebishwe inapobidi, na kubadilishwa kuwe mwisho. Huko Nairobi, ambako maonyesho ya Concours d'Elegance yamefanywa tangu 1970, majaji huchungulia ndani ya gari kama wachunguliavyo nje, na gari lililohifadhika huwa na neno la kusema mbele yao. Haiwezekani kitu kiwe utukufu mikononi mwa tajiri na aibu mikononi mwa mkulima wa Nyamira.

Ipo mipaka, nami siifichi. Ikiwa mifupa ya dashibodi, yaani bati na vishikio vyake, imevunjika au kuliwa na kutu hata usukani unacheza, basi ng'oa, maana hapo si suala la uso tena. Ikiwa gari ni la miaka ya karibuni, lenye mfuko wa hewa uliofichwa upande wa abiria, usizibe, usishone wala usifunike mahali pake, kwa sababu mfuko huo sharti upasue njia yake ile ile iliyopimwa kiwandani. Gari la namna hiyo na lipelekwe kwa wenye ujuzi wake. Lakini pikapu za 504 zilizo Ikonge hazina mifuko hiyo, na zenye mifupa mibovu ni chache. Nyingi zina ngozi tu iliyonywea.

Imesalia hoja ya wakati, ambayo huletwa na watu waungwana wenye kazi nyingi, nao wasema kwamba kubadilisha ni siku moja na kutengeneza ni wiki nzima ya kungoja gundi ikauke. Hesabu hiyo huanzia pale fundi anaposhika bisibisi, wala haihesabu majuma ya kupigiana simu na dalali, safari ya kwenda Kisii au Kisumu kuitazama, na siku gari lilipokaa gereji likisubiri mtu wa umeme aje atafute waya uliokatika. Kutengeneza ni kazi ya jioni. Fundi huja mzigo ukishashushwa, akajaza tabaka moja, akaondoka. Usiku gundi hukauka. Asubuhi pikapu hupakiwa ndizi kama kawaida na kwenda sokoni, kwa kuwa usukani haukutolewa, saa hazikuguswa, na hakuna waya hata mmoja uliochomolewa mahali pake.